Mpiga Fidla na Riziki Yake

Mazungumzo ya leo yanahusu kazi inayosikika kila siku lakini haitazamwi: kazi ya mpiga fidla, na pamoja naye mpiga udi, mpiga kanuni na mpiga selo. Fidla, kwa wale wasioijua kwa jina hilo, ni ala ya nyuzi nne inayobanwa begani na kupigwa kwa uta uliofungwa singa za mkia wa farasi, na ndiyo ambayo wengine huiita vayolini. Swali linaloongoza mazungumzo haya ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: watu hawa wanakula nini? Mwimbaji anajulikana kwa jina na kwa sura, na mpangaji wa shughuli anajulikana kwa mfuko wake, lakini yule aliyekaa kwenye kiti nyuma ya mwimbaji, akiwa ameinamisha kichwa kwenye mbao ya ala yake, riziki yake inatoka wapi?

Jibu litatolewa mapema ili msikilizaji alishike, kisha litarudiwa kwa mifano. Popote duniani ambako wapiga nyuzi wamedumu katika kazi yao kwa maisha mazima, mara nyingi kuna mtu au chama kilichowalipa au kuwatunza kwa ajili ya kufundisha, si kwa ajili ya kupiga peke yake. Katika Dar es Salaam kazi hiyo ya kufundisha ilibebwa kwa miaka mingi na vilabu vya taarabu, bila ada na bila hati, na vilabu vilipopungukiwa nguvu, mzigo ule uliwekwa chini pasipo mwingine kuunyanyua.

Kabla ya kufika Kariakoo, vilikochipuka vilabu hivyo, inafaa kueleza ni muziki wa aina gani unaozungumziwa. Huko Ulaya uko muziki uliotungwa kwa ajili ya watu wachache wanaopiga katika chumba cha kupokelea wageni, kila mmoja akiwa na sehemu yake peke yake, bila kiongozi wa kuwapungia fimbo. Kwa lugha ya nyumbani unaweza kuitwa muziki wa sebuleni. Kundi lake mashuhuri ni kwarteti, yaani kundi la watu wanne: wapiga fidla wawili, mpiga viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, na mpiga selo, ambaye huketi na kuiweka ala yake katikati ya magoti. Joseph Haydn, mtunzi wa Austria aliyeuimarisha mtindo huo, aliajiriwa na familia ya Esterházy mwaka 1761 akiwa mtumishi wa mshahara, na jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa kuwa tangu mwanzo muziki huo haukuweza kusimama kwa kiingilio cha mlangoni peke yake. Kwarteti maarufu za Marekani za karne iliyopita hazikuwa tofauti sana: Guarneri, iliyoanza mwaka 1964 na kustaafu mwaka 2009, ilifundisha katika Chuo Kikuu cha Maryland, na Emerson, iliyodumu tangu mwaka 1976 hadi 2023, ilikuwa na makao ya kufundishia katika Chuo Kikuu cha Stony Brook. Hao ni watu waliopiga katika kumbi kubwa kuliko zote na kurekodi sahani zisizohesabika, na bado darasa lilikuwa sehemu ya riziki yao.

Je, Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na muziki wa sebuleni? Ilikuwa nao, tena wenye heshima yake. Katika nchi za Kiarabu kundi dogo la wapigaji liliitwa takht, neno lenye maana ya jukwaa au kitako walichokalia, na ndani yake kwa kawaida kulikuwa na udi mmoja, ambao nyuzi zake hudonolewa kama za gitaa, kanuni moja, fidla moja, nai ambayo ni filimbi ya mwanzi, na rika, ambalo ni dufu dogo lenye njuga. Kila mpigaji alifuata sauti ileile ya wimbo lakini aliipamba kwa namna yake, huyu akichelewa kidogo, yule akitangulia, kama watu wa nyumba moja wanaosimulia habari moja kwa pamoja. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, na kwamba aliporudi aliwafundisha wengine. Hapo msikilizaji azingatie jambo moja: hata katika masimulizi hayo ya mwanzo kabisa, mpiga nyuzi wa kwanza anayetajwa ni mtu aliyetumwa kujifunza kisha akawa mwalimu. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, klabu ambayo imeishi zaidi ya karne moja, na mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad akavuka bahari hadi Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi sahani za santuri. Siti ameandikiwa wasifu na Shaaban Robert na jina lake linajulikana na watoto wa shule. Lakini ni wangapi kati ya wanaolijua jina hilo wanaoweza kumtaja hata mmoja wa waliompigia nyuzi?

Sasa mazungumzo yaelekee Dar es Salaam. Eneo la Kariakoo lilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita likawa mji wa Waafrika wa tabaka zote: makuli, mafundi, makarani, wenye nyumba na wapangaji wao. Upande mmoja ulikuwa Kariakoo, upande wa pili Uhindini, na katikati uwanja wa Mnazi Mmoja, ambako baadaye ulijengwa ukumbi wa Arnautoglu. Katika mji huo wa mitaa iliyonyooka na nyumba za vyumba sita, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vilichipuka vilabu viwili vya taarabu vilivyokuwa washindani kwa muda mrefu, Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club. Majina yenyewe yanaeleza mengi: la kwanza linatazama Misri, ambako nyimbo, sahani na baadaye filamu zilitoka, na la pili, kwa Kiarabu, lina maana ya nchi ya nyumbani.

Vilabu hivyo vilikuwa nini hasa? Ni makosa kuvifikiria kama bendi za leo, zenye mwajiri na waajiriwa. Klabu ilikuwa chama: ilikuwa na wanachama, mwenyekiti, mweka hazina, michango, na vyombo vilivyonunuliwa kwa michango hiyo, hivi kwamba fidla haikuwa mali ya mpigaji bali mali ya chama, na kijana asiye na senti ya kununua ala aliweza kuigusa. Wengi wa wanachama walikuwa na kazi nyingine mchana, na walikutana jioni. Mwanafunzi hakuandikishwa, alianza kwa kuhudhuria, akabeba vyombo siku za shughuli, akapewa rika au ngoma ya dumbaki ili aonekane kama ana mizani ya mapigo mwilini, na akishakubalika ndipo aliposogezwa kwenye nyuzi, akae kando ya mkubwa wake na kufuata mkono wake kwa macho. Hakulipa ada. Alilipa kwa muda, kwa adabu na kwa kubaki. Na yule mkubwa naye hakulipwa mshahara; alilipwa kwa kuitwa mwalimu, kwa kupewa kiti chake, kwa kuzikwa na chama siku ikifika. Hayo ni malipo, na si madogo, ingawa hayaingii kwenye daftari la fedha.

Inafaa kusogea karibu zaidi na kutazama kinachofundishwa, kwa sababu mtu asiyekiona huenda akadhani kwamba nyuzi zinajifunzwa kama nyimbo zinavyokaririwa. Fidla haina alama kwenye shingo yake. Gitaa lina vipande vya chuma vinavyomwambia mpigaji mahali pa kuweka kidole, lakini fidla ni mbao tupu nyeusi, na upana wa nusu ya ukucha ndio unaotenganisha sauti sahihi na sauti inayokera. Katika muziki wa Kiarabu jambo hilo ni gumu zaidi, kwa sababu makamu, yaani mipangilio ya sauti ambayo wimbo hutembea ndani yake, baadhi yake hutumia sauti zilizo katikati ya zile za kinanda cha kawaida, na wapiga fidla wa Kiarabu wengi hushusha nyuzi mbili za juu ili ala nzima iendane na makamu hayo. Mwanafunzi hushika uta kwa wiki nyingi akivuta uzi mtupu tu, bila kidole, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, baada ya kuzisugua singa kwa ulimbo, ambao ni utomvu wa msonobari uliokaushwa, kwa kuwa bila ulimbo huo singa huteleza juu ya uzi na hakuna kinachosikika. Kanuni nayo ina nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu, na kila tatu hulia sauti moja. Daraja linalozibeba hukanyaga juu ya ngozi nyembamba, kwa desturi ngozi ya samaki, na mpigaji huvaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, zikiwa zimebana vipande vidogo vya kuchukulia nyuzi. Kuilinganisha tu, kabla ya kupiga chochote, huchukua muda wa watu wengine kunywa chai na kumaliza. Katika hewa ya Dar es Salaam, yenye chumvi na unyevu, mbao huvimba, gundi huachia na nyuzi hulegea, hivyo kazi hiyo ya kulinganisha haiishi.

Ni nani anayejua hayo yote, na anamwambia nani? Ujuzi wa namna hii haukai kwenye karatasi. Hukaa kwenye mkono wa mtu, na huhama kwa mkono wa mwingine kukaa karibu nao kwa miaka. Ndiyo maana kudhoofika kwa klabu ni jambo zito kuliko kufungwa kwa ukumbi.

Redio nayo ilikuwa na sehemu yake. Utangazaji ulioanza kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ukawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956 na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, uliwapa wapiga nyuzi kitu ambacho arusi haiwezi kuwapa, nacho ni kusikika na watu wasiowaona. Katika kanda zilizorekodiwa redioni fidla husikika wazi kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na wapo wasikilizaji waliojifunza kuitambua ala kwa sikio peke yake. Hata hivyo rekodi ya redio haikuwa mshahara wa mwezi, na hilo lisemwe bila kificho.

Riziki ya wazi zaidi ilikuwa shughuli za usiku: arusi, na sherehe za mtaa. Hapo ipo desturi ya kutunza, ambapo mtu, aghalabu mwanamke aliyeguswa na ubeti, huinuka, hucheza polepole hadi mbele na kumkabidhi mwimbaji noti mkononi au kumbandikia usoni. Ni desturi nzuri, yenye heshima na yenye maneno ndani yake, kwa kuwa anayetunza huenda anamjibu jirani kupitia ubeti huo. Lakini msikilizaji atazame mkono unakokwenda: unakwenda kwa mwimbaji. Iwapo tunzo ile itagawanywa kwa chama kizima au itabaki kwa aliyeipokea ni suala la utaratibu wa kila kundi, na mpiga fidla hana uwezo wa kuidai mbele ya watu. Hakuna anayemtunza mtu kwa sababu ya bashrafu, ule utangulizi wa ala zenyewe ambao wazee waliuketia kimya hadi mwisho.

Kisha ukaja mwanzo wa miaka ya 1990, na taarabu ya kisasa. Vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre vilipambana jijini kwa mipasho, yaani nyimbo za kusemana waziwazi, na kundi la East African Melody likaipeleka rusha roho, kama taarabu hiyo ilivyoitwa, kila mtaa. Kinanda cha umeme kiliingia kikiwa na sauti ya fidla ndani yake, tena ya fidla nyingi kwa kitufe kimoja, na mwenye kundi akafanya hesabu ambayo ni vigumu kumlaumu: mtu mmoja na kinanda kimoja wanapanda gari dogo, wanafika mapema, hawahitaji kulinganisha nyuzi 70, na wanalipwa posho ya mtu mmoja. Mazungumzo haya hayamlaani mpiga kinanda, ambaye naye ni fundi wa kazi yake, wala hayadharau nyimbo zilizowapa wanawake wengi wa mjini nafasi ya kusema. Ila hesabu ile ilikuwa na mstari mmoja uliosahauliwa: kinanda kilichukua nafasi ya fidla tano jukwaani, na pamoja nazo kikaondoa viti vitano vya kujifunzia. Kijana aliyekuwa akikaa kando ya mkubwa wake hakuwa tena na pa kukaa.

Leo anayetembea katika maduka ya vyombo vya muziki mjini huona zaidi vinanda, magitaa, spika na vipaza sauti, kwa sababu ndivyo vinavyonunuliwa, na mwenye kutaka uzi mmoja wa fidla uliokatika huenda akazunguka sana.

Wapo waliolijibu swali la riziki ya mpiga nyuzi kwa njia nyingine, na jibu lao liko ng'ambo ya maji, mwendo wa saa chache kwa boti. Mwaka 2002 ilianza katika Mji Mkongwe wa Zanzibar shule ya muziki ya nchi za jahazi, inayojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, DCMA, na ilifanya jambo ambalo vilabu havikuwahi kulifanya: ilimlipa mpiga nyuzi kwa saa zake za kufundisha. Fundi kama Mohamed Issa Haji, anayejulikana kwa jina la Matona, mpiga fidla na udi, akawa mwalimu darasani na mpigaji jukwaani kwa wakati mmoja. Mpiga kanuni Rajab Suleiman aliunda kundi dogo liitwalo Kithara, ambalo lilitoa albamu ya Chungu, na mtu akiisikiliza albamu hiyo atakuta takht imerudi: watu wachache, kila mmoja na sauti yake. Tena wasichana walipata mlango. Katika vilabu vya zamani mwanamke alikuwa mwimbaji, na nyuzi zilikuwa za wanaume. Darasani, msichana anayetaka fidla hupewa fidla. Kundi la wanawake pekee la Tausi, lililoanzishwa na Mariam Hamdani, limeonyesha kwamba kilichokosekana hapo awali hakikuwa kipaji.

Pamoja na hayo, shule hiyo mwaka 2019 ilisema hadharani kwamba ilikuwa hatarini kufungwa kwa kukosa fedha, kwa sababu wafadhili walipungua na wanafunzi wengi hawakuwa na uwezo wa kulipa hata ada ndogo. Inauma kulisikia jambo hilo, kwa sababu jibu lilikuwa limepatikana, walimu walikuwepo, wanafunzi walikuwa mlangoni, na kilichokosekana ni kile kile alichokuwa nacho Haydn mwaka 1761: mlipaji wa kudumu.

Majirani nao wana mafunzo yao. Nairobi ilipata chuo chake cha muziki, Kenya Conservatoire of Music, mwaka 1944, na katika mtaa wa Korogocho mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, umewaweka watoto wa mtaa wa mabanda kwenye fidla na selo, kisha waliotangulia wakawa wakufunzi wa waliofuata. Kinshasa, okestra ya Kanisa la Kimbangu iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda iliundwa na watu wengi wasiojua kusoma noti, na kwa kuwa ala zilikuwa chache, walipokezana. Kanisa lilibeba kile ambacho Kariakoo kilibebwa na klabu. Umbo la chama linatofautiana, ila katika kila mfano yupo aliyebeba.

Kijana mpiga fidla anayeishi Dar es Salaam leo, akiwa amesoma Bagamoyo, Zanzibar au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huunganisha vipande: hoteli jioni ya Ijumaa, kanisa siku ya Jumapili, arusi mwezi wa arusi nyingi, studio anapohitajika kuongeza nyuzi kwenye wimbo wa bongofleva, na nyumba za Upanga au Masaki ambako mzazi anataka mwanawe ajifunze. Kati ya vipande hivyo, ni hicho cha mwisho kinachorudi kila wiki kwa siku ile ile na saa ile ile. Lakini mtoto wa Kariakoo, ambaye mzazi wake anauza khanga au anapakua mizigo Mtaa wa Kongo, hana mwalimu wa kumfuata nyumbani, na zamani hakumhitaji, kwa kuwa klabu ilikuwa mwendo wa miguu. Kama misikiti ya mitaa hiyo ilivyo na madrasa zenye walimu wanaotunzwa na waumini, na kama timu za mtaa zilivyo na makocha wanaochangiwa nauli, basi chumba kimoja, fidla nne na mwalimu mwenye posho ya uhakika si jambo la kuota. Ni gharama ndogo kuliko ya mapambo ya arusi moja ya ukumbini, na wanaoandaa arusi hizo, wakimwita mpiga fidla, wanaweza kumuuliza pia anafundisha wapi.

Muda uliotengwa unakaribia kwisha, na baada ya mazungumzo haya wasikilizaji watapigiwa wimbo wa taarabu asilia. Wanaombwa wasingoje maneno. Wasikilize mwanzo wake: fidla ya kwanza inatangulia peke yake, ya pili inaifuata nyuma kidogo, si kwa kukosea bali kwa kupamba, kanuni inamwagika katikati yao kama punje kwenye ungo, na udi unaweka mizani chini. Kisha zote zinatua kwenye sauti moja na kunyamaza kwa muda wa pumzi, na hapo ndipo mwimbaji anapoingia.